Vidonge Chini ya Vifungo

Dada mpenzi,

Nilifika salama, na gauni ulilonishonea limesifiwa maabara nzima. Lakini siku ile nilipotafuta kifungo kwenye kopo lako, nilikuta chini kabisa vidonge vya mwezi mzima. Nilipokuuliza kama unameza dawa, ulicheka: "Wewe naye! Figo lako limeshanizoea."

Halizoeleki, dada. Mwilini mwako kuna seli zinazobeba vipande vya figo lile na kuvipeleka kwa seli za ulinzi. Zikigusana, zile za ulinzi huamka na kulishambulia. Dawa ndiyo inayozizuia zisiamke.

Mama anadai umesahau tu. Anayesahau hafichi. Niambie kweli: umechoka kuishi, au umechoka kuishi na kitu changu?

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki na figo moja.