Beringi ya Upande wa Dirishani

Jumatatu, 4 Agosti

Beringi ya upande wa dirishani imekufa. Nilijua tangu wiki jana — mashine ya kusokota kamba ilikuwa inanung'unika kama mtu aliyerukwa kwenye foleni. Leo nimeweka kiganja juu yake, nikakitoa upesi. Nimezima. Meneja akaja mbio kuuliza kama itapona. Nikamwambia angoje niifungue kwanza.

Nimefungua. Yale madini laini meupe ya ndani yamelika mpaka chuma kinaonekana. Spea hakuna, mashine yenyewe imenizidi umri. Aliyeyamimina madini hayo ni mume wangu, miaka tisa iliyopita, mimi nikimshikia taa. Tulikuwa hatujaoana. Alama za kukwaruza kwake bado zipo pembeni, fupifupi, zimelala upande kama mwandiko wake. Nimezipitishia kidole. Alikwenda mbali kufunga mitambo ya watu, mkataba wa miaka miwili. Huu wa tatu unaisha. Nimemkumbuka sana leo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwama. Kati ya shafti inayozunguka na beringi niache nafasi kiasi gani? Ikibana, inaungua. Ikilegea, inagonga. Hili analijua Bisibisi peke yake — ndivyo wanavyomwita mume wangu hapa kiwandani, maana husikiliza mashine kwa bisibisi, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Nikamwandikia bila matumaini. Mwezi wa tatu nilimuuliza anarudi lini. Mpaka leo hajajibu hilo, ni "nzuri" na "nisalimie mama" tu.

Dakika nne tu, akajibu! Kaniletea sauti ya dakika sita nzima. Nichukue ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, niiweke kati ya shafti na beringi. Tabaka moja, shafti izunguke kwa mkono. Mbili, igome. Halafu mfereji wa mafuta, halafu moto, halafu niyeyushie nje na nivae kinyago, moshi ule ni sumu. Nimeisikiliza mara nne. Ya nne sikuwa nasikiliza habari za karatasi.

Nyumbani mama mkwe akauliza mwanawe kasema nini. Sigara, nikamwambia. Akashika kifua: kumbe ameanza kuvuta?

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeyeyusha madini ya zamani. Nilisita, ule ni mkono wake. Lakini mapya hayakai juu ya yaliyochoka. Dakika chache tu yakawa maji.

Nimemimina, yakapoa, nimeanza kukwaruza. Napaka wino wa buluu, nazungusha, natazama inapogusa, nakwaruza tena. Nina buluu mpaka viwikoni. Nimemtumia picha. Akajibu hapo hapo: inagusa ncha ya kushoto tu, nisiwe na haraka. Kweli! Yeye yuko huko na ameona, mimi nimeinamia na sikuona.

Nikamuuliza mbona haya anajibu na lile langu hajibu. Hapana — sikuuliza. Nimeuliza nitie mafuta gani.

Jumamosi, 9 Agosti

Tabaka moja, imezunguka. Mbili, imegoma. Saa nne tumewasha. Mpaka saa sita kiganja changu kilikuwa juu yake, vuguvugu tu. Meneja kaniita injinia mbele za watu.

Nimemwandikia Bisibisi kuwa imepona. Kajibu: safi sana. Basi, hakuna zaidi.

Jumatatu, 11 Agosti

Jana kutwa simu kimya. Leo nimefanya ujinga. Nimemwandikia kwamba beringi inapiga kelele tena. Uongo mtupu. Kabla sijarudisha simu mfukoni akajibu: nirekodi, nimtumie.

Nimejitega mwenyewe. Mashine inavuma vizuri kabisa, nitamtumia nini? Nikatuma hivyo hivyo. Mtu anayesikia chembe moja ya mchanga ndani ya mafuta hadanganyiki. Kimya mpaka saa tisa. Nikaona aibu — kumtaka mtu hadi kuisingizia beringi nzima ugonjwa.

Saa tisa na robo akajibu. Eti hasikii vizuri. Kesho nirekodi tena, nisogee karibu. Na nianze kwa kuongea kidogo, dakika moja hivi, lolote tu, ajue simu inachukua sauti vipi.

Hasikii vizuri. Yeye!

Jumanne, 12 Agosti

Wenzangu wamekwenda kula. Nimekaa juu ya ndoo karibu na mashine. Nimerekodi mara tatu. Ya kwanza nimehesabu moja mpaka kumi. Nimefuta. Ya pili nimesema mama hajambo, kikohozi kimepungua. Nimefuta. Ya tatu nimeanza, "Hivi una—", nikafuta.

Ya nne inaendelea sasa hivi, simu iko hapa kando ya daftari, sekunde ya arobaini, sijatamka neno, ni pumzi yangu tu na beringi inayozunguka bila kosa, na hii sitaki kuifuta —