Ngoma Itakuja Mpaka Mstarini

Wifi yangu Saumu,

Salamu tumeshapeana kwenye simu, na habari za mgongo wa kaka yako unazo, kwa hiyo hapa sitazirudia. Nakuandikia kwa sababu kila nikitaja bendi kwenye simu, wewe unageuza maneno na kuniuliza bei ya vitunguu. Barua haikatizwi. Tena nimeamua iwe barua ya wazi, isomwe na yeyote atakayeiona, maana waliokuwa jukwaani siku ile ni wengi na kila mmoja ana hadithi yake juu yako. Na mimi wacha niseme yangu.

Jana alasiri nilipitiwa na usingizi pale mlangoni, jua la huu msimu wa baridi likinipiga miguuni. Mteja niliyekuwa namsuka alikuwa ameshaondoka. Ngoma zilikuwa zinalia kule uwanjani, na nikiwa baina ya kulala na kuamka nikakuona umekaa juu ya ile ndoo ya rangi uliyoigeuza kiti, mkono mmoja una karanga, mwingine unapiga goti kufuata mdundo. Nikakwambia, "Wifi, sogea kidogo, jua lote umelichukua wewe." Ukasogea. Nilipofumbua macho ngoma zilikuwa bado zinalia, ila juu ya ndoo alikuwa amelala paka wa jirani. Nikamwacha.

Unakumbuka ulivyokuja hapa Johannesburg? Ilikuwa 2015, mwaka ule maduka ya wageni yalipovunjwa, na wewe ukashuka kwenye basi na sanduku lako katikati ya hofu. Siku zile hata pazia hukutaka lifunguliwe. Ulikuwa ukinung'unika, "Nimeiacha Tanga yangu na upepo wake, nije kufungiwa ndani kama kuku anayetaga?"

Halafu Jumamosi moja ngoma zikalia. Ukainua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Nani anaoa?"

"Haoi mtu. Watoto wa bendi wanafanya mazoezi."

Kabla sijapata viatu vyangu, wewe ulishajitanda kanga na kutoka. Nilikukimbiza mtaa mzima wa Bertrams. Kwenye robot, taa za barabarani za huku, hukuangalia nyekundu wala kijani, ulifuata sauti tu, na madereva wakakupigia honi mpaka nikaona aibu. Ulisimama pale kwenye uwanja wa wazi ambapo paa la uwanja wa mpira wa Ellis Park linaonekana nyuma ya nyumba. Vumbi lilikuwa limepanda, rangi ya dhahabu, na ndani yake watoto walikuwa wakitembea kwa safu huku wakipiga: tarumbeta juu, ngoma zimefungwa kifuani, wabeba bendera pembeni, na kiongozi wao juu ya ngazi akipunga mikono. Nikakueleza kwamba haya ni mazoezi ya mashindano. Kila bendi hutunga onyesho moja, hulifanyia mazoezi mwaka mzima, wanatembea na kupiga kwa wakati mmoja wakichora maumbo juu ya nyasi, na majaji wanatoa alama. Ukasikiliza, ukatikisa kichwa.

"Wifi, hii ni beni."

Ukanisimulia bibi yako wa Tanga, alivyokuwa shabiki wa beni enzi zake, kundi hili na kundi lile, wanaume wamevaa suti nyeupe na vyeo vya kujipa wenyewe, mwaka mzima wanapanga namna ya kuwashinda wenzao wa mtaa wa pili. "Hawa wamechukua beni yetu wakaongeza bendera tu." Nikathubutu kubisha. Ukanijibu, "Nyamaza, mtu wa Muheza wewe, unajua nini habari za mjini?" Siku ile ndiyo ya kwanza kukuona unacheka hapa Johannesburg. Wiki iliyofuata ulimshika Zuhura mkono ukampeleka mwenyewe kwa Mwalimu Sipho wa ile bendi, na binti yangu akaanza na matoazi, akaenda kwenye ngoma kubwa, mpaka akafika kwenye snea, ile ngoma ndogo yenye nyuzi chini yake inayolia kama mvua ya mawe juu ya bati.

Toka hapo, wifi, hatukuwa na Jumamosi nyingine. Tulikaa jukwaani Soweto, tulikaa juu ya kuta za shule, tulikaa kwenye nyasi zilizoungua kwa baridi, thermosi ya chai katikati yetu, tukibishana. Oo, tulibishana! Mimi nilisema na nitasema mpaka kesho kwamba bendi ni miguu. Ukitaka kujua nani atashinda, ziba masikio utazame viatu. Safu ikigeuka na mtoto wa mwisho akachelewa hata kidogo, mengine yote ni mapambo. Sina hamu na bendi zinazoshinda kwa manyoya ya kofia. Unaikumbuka ile iliyoleta milango ya mbao uwanjani, watoto wanatokea mlango huu, wanaingilia ule, watu wakashangilia kama wamemwona mfalme? Milango mingi, ngoma kiduchu. Na wale wa tarumbeta wanaopuliza mpaka mishipa inasimama, wakidhani ukubwa wa sauti unaficha uchafu wake! Haufichi. Kisichopikwa kikaiva, hata ukipakue kwenye sahani ya dhahabu ni kibichi.

Wewe ulikuwa na dini nyingine. Ulisema ngoma isiyojibiwa ni kelele. Kilichokuudhi si bendi, ni watazamaji, wamekaa mikono mapajani wanangoja mwisho ndipo wapige makofi, "kama wanasubiri namba zao kliniki." Na majaji ndiyo kabisa. Yule mama wa miwani aliyekuwa anaandika bila kuinua kichwa, ulimsema waziwazi: "Huyu anasikia kwa kalamu?" Kwetu, ukasema, mpigaji akipatia hutunzwa palepale, mkono kwa mkono, jasho lake likiwa bado la moto. Haambiwi ngoja tujumlishe. Nilikucheka. Nikakwambia hapa si harusini. Ukaniambia, "Basi ndiyo maana hawachangamki."

Sasa twende kwenye siku unayoikimbia.

Fainali za taifa, 2017. Mijakaranda ilikuwa imechanua mpaka njia zote zimekuwa za zambarau, na asubuhi tukitoka Bertrams ulisema mji umetandikiwa jamvi kwa ajili ya Zuhura. Ulivaa kanga yako mpya, doti nyekundu na nyeusi, ile yenye jina la *Mcheza kwao hutunzwa*. Bendi yetu iliingia ya mwisho. Wifi, sijawahi kuona miguu vile! Safu zilifunguka na kufunga kama mtu anapumua. Tarumbeta zikashuka polepole, ngoma kubwa zikanyamaza, bendera zikalala chini, na katikati ya uwanja mzima akabaki Zuhura peke yake. Alianza chini kabisa, tukawa hatujui kama tunasikia au tunadhani. Halafu akapanda. Uwanja mzima ulishika pumzi, na mimi machozi yalikuwa yameshanitoka.

Nikageuka nikuone. Kiti kilikuwa kitupu.

Ulikuwa tayari unashuka ngazi, kichwa juu, polepole, unatembea kama mtu aliyealikwa. Ukauvuka mstari mweupe. Ukapita nyasi za kijani huku vigelegele vyako vikipanda peke yake angani, ukafika, ukamvika mwanao kanga moja mabegani, ukambusu utosini, ukarudi. Na yeye hakukosa pigo hata moja. Nilimtazama sana: macho mbele, mikono inafanya kazi, kanga inateleza begani, na pigo halikuyumba.

Lakini sheria iliandikwa kabla yetu. Onyesho likiendelea, asiye mpigaji asikanyage ndani ya mstari. Wakatukata alama, na tukawa wa pili kwa tofauti ndogo kama punje.

Mwalimu Sipho alikuja ameshika kichwa. "Eish, Ma Saumu. Eish." Hakufoka, maskini. Aliinyanyua ile kanga akauliza, "Imeandikwa nini?" Tukamwangalia Zuhura, maana Kiswahili anakielewa chote, ila kukisema anaona kazi. Akamweleza kwa Kizulu: anayecheza kwao ndiye hutunzwa. Nyuma yetu mzazi mmoja akasema kwa nguvu ili tusikie kwamba haya ndiyo matatizo ya wageni, hawajui taratibu za watu. Hukuhitaji wa kukutafsiria.

Usiku ule hukula. Uliniambia neno moja ambalo bado liko hapa nyumbani: "Nimemvisha mtoto neno 'kwao' mbele ya watu wanaosema hapa si kwao." Zuhura naye alikuwa kimya, masikio kayaziba na muziki wake, na wewe ukausoma ule ukimya kuwa ni hasira. Haikupita muda ukafunga sanduku. Ulisema Tanga kuna shughuli za kushona. Ulisema na hili pia: "Uwanja ule sitaukanyaga tena."

Wifi, nimekukumbuka mno. Nakwambia hivyohivyo, bila kupamba. Nikienda kuangalia bendi sasa, nakaa peke yangu na hoja zangu, nasema "tazama miguu ile" na hakuna wa kunipinga. Kushinda ubishi bila mpinzani hakuna ladha. Kaka yako anakuja siku nyingine, lakini yeye husinzia ngoma zikipamba moto.

Na kuna jambo ambalo hulijui. Ile kanga uliyomtunza, uliondoka ukidhani imetupwa. Iko chumbani kwa Zuhura. Jirani wa juu aliwahi kulalamika kuhusu kelele, kwa hiyo Zuhura huikunja akaitandika juu ya snea, ndipo akafanya mazoezi. Jioni, kabla ya magharibi, nikiwa jikoni nasikia ngoma inasema chini kwa chini kupitia ukutani, laini, kama inatokea nyumba nyingine au mwaka mwingine. Kanga ilichanika katikati kwa kupigwa, akaitia viraka mwenyewe. Ushonaji wake ni wa hovyo, ungeuona ungecheka. Lakini kila siku, tangu ulipoondoka, anapiga juu ya mkono wako.

Mwaka huu ni wa mwisho kwake. Anamaliza matiriki, darasa la mwisho la sekondari, na bendi ni ya wanafunzi. Amekuwa kiongozi wa ngoma zote, na Mwalimu Sipho kamruhusu achore mwenyewe sehemu ya katikati ya onyesho. Wiki iliyopita nilikwenda mazoezini kutazama. Unanijua nilivyo, nimekwenda na macho ya jaji. Safu ziko vizuri, zimenyooka, naburudika. Ghafla pale panapokuja ukimya, safu ya ngoma inapinda! Inaacha katikati, inakuja pembeni, inasogea mpaka ukingoni kabisa mwa uwanja, upande wa jukwaa letu, na Zuhura anasimama vidole vya viatu vikikaribia kugusa ule mstari mweupe. Ndipo anapiga peke yake.

Nilikasirika. Nikamngoja amalize nikamwambia, "Mmeharibu umbo. Hakuna bendi inayoacha katikati wazi, mtakatwa alama. Mnafuata nini huku pembeni?"

Akafuta jasho kwa mkono wa shati. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, yeye ambaye nikimwita kwa Kiswahili huniitikia kwa Kizulu:

"Hapa atasimama Shangazi."

Nikamtazama Mwalimu Sipho. Akacheka, akaniambia amewauliza majaji wenyewe. Kinachokatazwa ni mguu. "Mkono hawajausema, Ma. Sharp? Tumeelewana?"

Mimi niliyebishana na wewe miaka yote kwa ajili ya mistari iliyonyooka, nilisimama pale vumbini nikiutazama ule uliopinda, na nikaona ni mzuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Haya, umeshinda. Furahi.

Fainali ni mijakaranda ikishachanua. Kitanda chako kiko palepale, cherehani nimeifunika shuka isiingie vumbi, na paka nitamwondoa kwenye ndoo. Njoo na kanga. Jina lake lilelile, usibadilishe neno, na lile neno "kwao" liwe juu, lisomeke na kila mtu.

Uwanjani hutakanyaga, umeapa, na kiapo chako tumekiheshimu. Simama tu nje ya mstari, wifi, unyooshe mkono. Ngoma itakuja mpaka ulipo.

Ni mimi wifi yako, mtu wa Muheza,
mama yake Zuhura
Bertrams, Johannesburg, 2019