Kanga ya Mama Jukwaani

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Kerege tunaendelea, ila mguu wa bibi yako bado.

Umeuliza kwa nini niliacha fidla. Nikiwa na umri wako, okestra ya vijana ilinipa nafasi ya kupiga peke yangu. Katikati ya wimbo mama, aliyetoka Mkange kunisikiliza, akapanda jukwaani akicheza, akanivisha kanga mabegani, kama tunavyotuzana kwetu. Ukumbi ukacheka. Nikatikisa mabega ikaanguka, nikaendelea kupiga. Akaiokota, akaikunja, akashuka. Hakunilaumu mpaka anafariki, wala hakuja tena kunisikiliza. Kila nilipoishika fidla niliuona mgongo wake akishuka.

Jumamosi zamu ya kupiga fidla jukwaani ni yako, na mama yako amekwishanunua kanga. Mwache akuvishe. Mimi nisamehe, sitastahimili kuja kutazama.

Babu yako