Nyota Iliyofifia, na Baba

Nakuru, Jumapili, Agosti 1957

Bado sina hakika kama ule mstari hafifu kwenye picha ya nyota ni wa oksijeni. Huenda nauona kwa sababu nautaka.

Baba, ambaye tangu arudi kutoka kizuizini hakuwa amenisemesha mimi bintiye, leo alinikuta dirishani nikichunguza kioo chenye picha ya mistari ya mwanga wa nyota iliyolipuka.

"Ulisoma hadi chuo kikuu uje kuchungulia kitu kilichokwisha?"

Nilicheka kwa furaha ya kutaniwa. "Ikiwaka sana, Baba, huficha kilichomo. Ikishafifia, baada ya mwaka hivi, ndipo ndani yake huonekana."

Alikipokea kioo, akakiinua kwa mikono miwili.

"Basi nami mnipe mwaka, mama."

Sikumwomba anirudishie. Alikaa nacho mpaka giza likaingia.