Mkono Wangu Unauza Sarafu Nisiyoiuza

Jumatano, baridi ya kukata mifupa. Ukungu wa milima ya Matogoro umeondoka saa nne. Hasira yangu mpaka jioni hii haijaondoka.

Leo nimeitwa tapeli. Mimi, Mama Editha, ambaye mteja wa maandazi akisahau chenji namkimbilia mpaka barabarani.

Ngoja nieleze. Marehemu bibi yangu alituachia sarafu ya Mjerumani, ile yenye tundu katikati. Kwetu mtoto akianza kusimama dede anafungwa sarafu hiyo kiunoni kwa uzi mweusi. Editha wangu aliivaa, akatembea kabla ya watoto wote wa mtaa, na hilo hata majirani hawabishi. Mwaka jana alipohitimu unesi nikaishika mkononi, nikaipiga picha, nikaiweka mtandaoni na maneno haya: hii ndiyo iliyomsimamisha nesi wangu. Nilitaka watu waone. Sikatai, napenda waone.

Kumbe na mwizi aliona.

Ameichukua picha ile ile, mkono wangu huu wenye kovu la mafuta ya moto, anajifanya mimi na anawauzia watu sarafu ya kusimamisha watoto. Asubuhi akanijia Bwana Hemedi, mkulima wa korosho kutoka Tunduru. Alilipa kwa simu, akatumiwa bahasha kwa basi. Kufungua, ndani mna washa ya bolti, kile kiduara cha chuma chenye tundu. Akipiga simu, haipatikani. Akaja Songea, akaizungusha ile picha mtaa wetu wa Majengo mpaka muuza nyanya mmoja akamwambia kovu hilo ni la Mama Editha.

Nikamkaribisha chai na maandazi ya moto. Akakataa. Mtu ametoka Tunduru, baridi yote hii, anakataa chai yangu. Nikajua ameshanihukumu.

Nikaingia ndani nikamletea sarafu yenyewe, nikidhani itanitetea. Ndiyo kwanza ikanizamisha. Akasema kwa upole kabisa kwamba kumbe ninayo kweli, basi kazi yangu ni kupiga picha sarafu na kutuma washa. Akasema polisi si mbali.

Ningesema nini, na mkono ni wangu?

Nikamuuliza huyo muuzaji alimwambia anauza kwa nini. Akafungua simu akanisomea: nauza kwa shida tu, binti yangu amefeli unesi mara tatu, natafuta ada arudie.

Amefeli.

Sijui nilisimamaje. Polisi nikamsahau, sarafu nikaiacha mkekani. Nikatoa kabatini cheti cha Editha na picha ya mahafali, nikamwekea mapajani, nikamtaka asome kwa sauti. Somo la ukunga nikamrudisha asome tena.

"Niite mwizi, kaka yangu, hayo tutayamaliza. Lakini mwanangu hajawahi kufeli hata jaribio la darasa la pili."

Bwana Hemedi alinitazama weee, kisha akaanza kucheka mpaka akajifuta macho kwa kofia yake.

"Mama Editha, mwizi angeanza kujitetea mwenyewe."

Akavuta kikombe. Chai ilishapoa, nikamwekea nyingine. Maandazi alikula akaongeza, akasema kwao hawayapati laini hivi. Najua.

Lakini bado nawaka. Jasho la korosho zake limeliwa na mtu ambaye hatumjui hata sura. Picha nimeifuta kwenye ukurasa wangu, ya yule mwizi bado ipo. Muda huu ninapoandika kuna mtu mahali fulani anautazama mkono wangu na kuuamini. Au anaulaani.

Kesho asubuhi tunakwenda polisi pamoja, yeye na washa yake, mimi na sarafu yangu. Waandike wizi wa pesa. Waandike na wizi wa picha. Na sitoki kituoni hapo mpaka waandike kwamba Editha alifaulu.