Ushuhuda wa Kasuku

Hosteli, 4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na hiyo cherehani? Mimi mzima, na safari hii mzima kwelikweli. Kifafa kimekwisha! Mwenyekiti wa ushirika wetu wa wanafunzi alitufundisha kwamba imani husema kwanza, macho yakafuata. Basi nikapanda jukwaani, nikashuhudia uponyaji wangu mbele ya ukumbi mzima. Vigelegele hadi spika zikakoroma! Vidonge nimeviacha, na sasa ni mimi ninayeongoza sifa.

Mwanao,
Kasuku

Nyumbani, 19 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Mgongo ndio huohuo, unalalamika kuliko wateja. Barua yako niliisoma huku nalia. Miaka yote nakulaza ubavu, nakufuta povu, naiomba siku hii! Jumapili nilisimama kanisani nikawasomea yote. Mke wa mchungaji alinikumbatia. Baba yako peke yake alinuna, eti, "Daktari kasemaje?" Nikamwambia yeye na yule Tomaso wa mashaka ni pacha.

Imba, mwanangu.

Mama yako

Hosteli, 11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hamjambo? Tafadhali baba asiione barua hii. Nimeanguka maktabani. Nikaanguka tena bafuni, nikapasuka kidevu. Mwenzangu wa chumbani ananisihi nimeze dawa, lakini nikimeza, ule ushuhuda si utakuwa uongo? Mwenyekiti anasema adui anajaribu kurudi, nishikilie. Wale wa mwaka wa kwanza wananifuata kila saa, "Dada, tuombee." Na wewe ulishawasomea kanisa zima. Nitakuaibishaje?

Naogopa, mama. Niambie nimeze. Ukisema wewe, nitameza.

Mwanao

Nyumbani, 26 Aprili

Kasuku,

Meza dawa. Meza sasa hivi, salamu baadaye.

Barua yako ilinikuta wiki iliyopita, nikanyamaza. Niliona haya, mwanangu. Akina mama walikuwa wananiita Mama Muujiza, nami nikajidanganya kwamba labda itapita. Leo baba yako kaikuta chini ya vitambaa vya wateja. Hakugomba. Aliuliza tu basi la kesho linaondoka saa ngapi.

Nimekwenda kanisani, nimesimama palepale. Nimesema mwanangu bado anaumwa, na mimi nilimtangulia Mungu kusema. Hakuna aliyenicheka. Kumbe haya ilikuwa yangu peke yangu! Yule anayesikia sala zako ndiye aliyewapa madaktari akili.

Barua hii anakuletea baba yako mwenyewe kwa basi la kesho. Mpishe kiti, miguu inamvimba.

Mama yako

Nyumbani, 9 Mei

Kasuku wangu,

Hujambo, mwanangu? Sijui kuanza barua bila kukuuliza.

Baba yako alifika wakati wamekwisha kukutoa bafuni. Alirudi na wewe, na barua yangu mfukoni, haijafunguliwa. Mwenzako wa chumbani alikuja mazikoni. Anasema vidonge ulivitoa sandukuni ukaviweka mezani pamoja na kikombe cha maji, na kila ukitoka darasani ulikuwa unapita kuuliza kama kuna barua yako.

Mwenyekiti wenu naye alikuja na tai yake. Akaomba nafasi ashuhudie jinsi ulivyoshika imani mpaka mwisho. Nilimwambia akae chini, ushuhuda wako nautoa mimi. Nikawaambia watu wote: mtoto huyu alikuwa anangoja neno moja kutoka kwa mama yake, na mama yake alikuwa nalo, akaona haya kulituma.

Mama yako