Siku Chelangat Aliposema Yuko Sawa

Cherono mjukuu wangu,

Chamge, nakusalimu. Huku Boito tuko salama, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza kwa nini wagonjwa wanawadanganya ninyi wauguzi huko wodini.

Miaka ya tisini nilichuma majani chai na rafiki yangu Chelangat. Alikuwa mjamzito, miguu imevimba, kichwa kinamuuma. Daktari wa zahanati ya shamba alimfukuza bila kumgusa: "Mvivu wewe. Rudi kazini."

Kesho yake akaanguka shambani. Nilipomrudisha zahanati, daktari yuleyule akamuuliza, "Unaumwa?"

"Hapana, niko sawa."

"Anakuogopa," nikasema. "Mpime!"

Akampima presha, akaona imepanda sana, akaita gari la kumpeleka hospitali.

Chelangat alipona, na mtoto pia. Lakini mpaka leo hawezi kwenda hospitali bila mimi.

Ni mimi nyanya yako,
Taprandich